Je, wajua wanajiolojia hujuaje kwamba jangwa liliwahi kuwa bahari?

Wapo Mwanza wanaoamini kwamba mawe makubwa ya Capri Point, na lile maarufu la Bismarck, yalilainishwa na mawimbi ya bahari ya kale. Si kweli. Ni granaiti, mwamba ulioyeyuka na kuganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Uviringo wake umetokana na maji ya mvua yaliyopenya kwenye nyufa na kula kona za mwamba ungali umefukiwa udongoni. Baadaye udongo ukaondoka, mawe yakabaki juu.

Hata hivyo swali lenyewe ni zuri. Mtu akikuambia kwamba mahali fulani palikuwa bahari miaka milioni 260 iliyopita, amejuaje na hakuna aliyekuwepo?

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali nasi, kwenye milima ya Guadalupe, mpakani mwa majimbo ya Texas na New Mexico kule Marekani. Leo ni nchi kavu ya miiba na vumbi, na bahari iko mamia ya kilomita. Kilele chake kikuu kina mita 2,667, kirefu kuliko vyote Texas. Wanajiolojia wanasema sehemu kubwa ya mlima huo ni mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini katika kipindi cha Permi, yaani kati ya miaka milioni 299 na milioni 252 iliyopita. Jina la kipindi hicho alilitoa mwanajiolojia Mskoti Roderick Murchison mwaka 1841, akilichukua kwenye mji wa Perm nchini Urusi.

Kabla hatujafika Texas, tupite kwanza Mto Mirongo. Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mirongo hukatiza katikati ya jiji ukiwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, umebeba mchanga, tope na chupa za plastiki, ukaenda kuumwaga mzigo huo ziwani. Chota maji yake kwenye ndoo, uyakoroge, kisha uyaache. Mchanga utatua papo hapo. Tope jepesi litachukua saa nyingi, pengine hadi kesho yake, na litakaa juu ya mchanga. Ziwani ni vivyo hivyo, ila kwa upana badala ya kimo: mchanga huangushwa karibu na ufukwe, na tope laini husafiri hadi kwenye maji yaliyotulia ndipo lishuke. Kwa hiyo ukubwa wa chembe ndani ya jiwe unaeleza maji yaliyoileta yalikuwa na nguvu kiasi gani.

Kuna na alama za juu ya mchanga. Simama penye maji ya kifundo cha mguu siku ziwa limetulia, uangalie chini: utaona vituta vidogo vilivyopangana. Vilivyofanywa na mawimbi yanayokwenda na kurudi vina miteremko inayolingana pande zote mbili. Vya mtoni, ambako maji huenda upande mmoja tu, vina upande mmoja mrefu uliolala na mwingine mfupi uliosimama. Vituta hivyo vikifunikwa upesi na tope, vinaweza kugeuka mwamba vilivyo. Mwenye jicho zuri akivikuta juu ya mlima anaweza hata kukuonyesha mto ulielekea wapi.

Halafu kuna mpangilio wa matabaka, na hapo ndipo utamu wa fani hii ulipo. Mwaka 1669 mwanasayansi Mdenmaki Nicolas Steno aliandika jambo linaloonekana dogo: tabaka la chini lilitangulia, la juu lilifuata. Mjerumani Johannes Walther akaongeza jingine mwaka 1894: mazingira yaliyopakana ubavu kwa ubavu ndiyo yanayokuja kupangana moja juu ya jingine, mradi katikati hapakuwa na pengo. Waliokuwa kandokando ya Ziwa Victoria mwaka 2020 wanaweza kuielewa kanuni hii bila mwalimu. Mwezi Mei mwaka huo kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi iliyodumu tangu 1964, na fukwe nyingi zikamezwa. Pale palipokuwa mchanga wa ufukwe pakawa ndani ya maji. Maji yakikaa hapo miaka elfu kadhaa, tope la kina kirefu litalala juu ya mchanga ule. Atakayechimba baadaye atakuta mchanga chini na tope juu, naye atasema: hapa maji yalipanda. Akikuta kinyume chake, tope chini na mchanga juu, atasema yalishuka au mto uliusogeza ufukwe mbele.

Sasa Texas. Kuna aina tatu za miamba zilizokaa jirani, na wataalamu walihitaji muda kukubaliana kwamba zote ni za wakati mmoja. Mwanajiolojia Mmarekani Philip King alizichora vizuri katika kazi yake kubwa iliyotoka mwaka 1948. Upande wa nchi kavu kuna matabaka membamba ya mawe ya jamii ya chokaa yaliyochanganyika na jasi. Hayo ni mabaki ya maji ya kina kifupi, yaliyojitenga na bahari kuu na kukaushwa na jua mara kwa mara. Katikati kuna ukuta mnene wa mawe ya chokaa usioonyesha matabaka, uitwao Capitan. Huo ndio mwamba uliojengwa na viumbe. Wengi tungedhani waliujenga matumbawe, lakini matumbawe yalikuwa machache. Mafundi wakuu walikuwa sponji na mwani, pamoja na viumbe wadogo walioishi kwa makundi, na chokaa iliyotoka kwenye maji ya bahari ikawagandisha pamoja. Mbele ya ukuta huo kuna mteremko wenye mapande ya mwamba yaliyomeguka na kuporomoka. Chini ya mteremko kuna mawe ya mchanga laini na chokaa nyeusi yenye matabaka membamba sana. Hapo palikuwa kilindini.

Weusi huo nao ni ushahidi. Tope huwa jeusi pale mabaki ya viumbe yanapokosa hewa ya kuyaozesha, na matabaka membamba hubaki bila kuvurugwa kwa sababu minyoo ya kuyachimbua haiwezi kuishi humo. Ziwa Victoria nalo hupungukiwa oksijeni kwenye maji ya chini kwa majira fulani, ingawa kina chake hakizidi sana mita 80. Kutoka juu ya ukuta wa Capitan hadi sakafu ya bahari ile kulikuwa na mamia ya mita. Mabaki ya viumbe yaliyofukiwa kwenye tope la namna hiyo ndiyo yaliyopikwa na joto la ardhi yakawa mafuta, na eneo hilo leo ni miongoni mwa yanayotoa mafuta mengi zaidi duniani. Ndiyo maana miamba hii imechunguzwa kwa fedha nyingi hivyo. Si udadisi peke yake.

Lakini pengine lilikuwa ziwa kubwa tu kama letu? Hapo tunauliza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe. Ndani ya chokaa hiyo mna brakiopodi, viumbe wa baharini wenye makombe mawili, mna krinoidi ambao ni ndugu wa kiti cha pweza, na mna amonoidi, jamaa wa ngisi waliobeba makombe ya kujiviringa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejulikana kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mna pia fusulini, viumbe wa seli moja waliojijengea ganda lenye umbo la punje ya mchele. Fusulini walikuwa wakibadilika umbo upesi kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo aina yao hutaja umri wa tabaka. Kipindi cha Permi kilipoisha nao wakaisha, pamoja na aina nyingi mno za viumbe wa baharini, katika maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana.

Kabla ya hapo bahari ile ilikwisha kufa kivyake. Mlango wake wa kupokea maji mapya ulizibika, jua likaendelea kukausha, na chumvi zikaanza kutua chini. Tabaka liitwalo Castile, lililolijaza bonde la bahari hiyo, limepangwa kwa mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi. Mwaka 1972 mwanajiolojia Roger Anderson na wenzake waliihesabu mistari hiyo wakapata jozi takriban 260,000, na kila jozi huchukuliwa kuwa mwaka mmoja. Baadhi ya mistari imefuatwa kwa zaidi ya kilomita 100 bila kupotea. Juu yake likaja tabaka nene la chumvi. Chumvi huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuwepo kwake mpaka leo kunaonyesha kwamba maji hayajapita humo kwa wingi kwa zaidi ya miaka milioni 250. Serikali ya Marekani iliuona ushahidi huo ukiwa mzito kiasi kwamba tangu 1999 inafukia taka za nyuklia ndani ya chumvi hiyo, mita 655 chini ya ardhi.

Wakati huo huo Tanzania ilikuwa wapi? Texas ilikuwa karibu na mstari wa ikweta, mahali pa joto kama Mwanza ya leo. Nchi yetu ilikuwa mbali kusini, ndani ya bara moja kubwa lililounganisha Afrika, India, Australia na Antaktika. Katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi, kulikuwa na mito na vinamasi, na miti iliyofukiwa humo ndiyo makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka. Zama zile zile, mazingira mawili tofauti kabisa, na kila moja limeacha mwamba wake.

Mwanza yenyewe haina ukurasa wa Permi. Chini ya tope la ziwa, ambalo kwa makadirio ya kawaida halizidi miaka 400,000, mara nyingi unakutana na granaiti moja kwa moja. Katikati ya vitu hivyo viwili kuna pengo la zaidi ya miaka bilioni mbili. Chochote kilichowahi kutua hapo kilikwisha kumomonyolewa.

Tope lenyewe, hata hivyo, linasomeka kwa kanuni zile zile. Watafiti walioshusha mabomba kwenye sakafu ya ziwa walikuta, chini ya tope laini, tabaka gumu lenye dalili za udongo wa nchi kavu na mizizi ya mimea. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996. Walisoma kwamba Ziwa Victoria lilikauka, hata kwenye vilindi vyake, na likaanza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haujaisha kati ya wanabiolojia: mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa hili, walipata wapi muda wa kutokea?