Glavu Nene Peke Yake Haitoshi: Mikono na Baiskeli Katika Baridi ya Minneapolis

Majira ya baridi yakiingia hapa Minneapolis, mji wa kaskazini mwa Marekani, wengi wanaofika kwenye karakana yetu ya baiskeli huulizia glavu nene kuliko zote. Mimi huanza kwa kuwauliza wamevaa nini kifuani. Kifua kikipoa, mwili hubana mishipa ya damu ya mikononi ili joto libaki kwenye moyo na viungo vingine vya ndani. Vidole navyo havina misuli ya kuzalisha joto la maana. Vinategemea damu inayoletwa. Damu ikipungua, glavu hata iwe nene kama godoro haina joto la kutunza.

Kwa hiyo vaa fulana ya sufu na koti linalozuia upepo, ufunike shingo na masikio. Usiache mwanya kati ya mkono wa koti na glavu, kwa sababu pale kwenye kifundo cha mkono mshipa wa damu unapita karibu sana na ngozi.

Adui wa pili ni upepo, na mwendesha baiskeli hujitengenezea wake. Siku tulivu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ukienda kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mikono ndiyo inayotangulia mbele, tena imetulia mahali pamoja huku miguu ikifanya kazi.

Ndiyo maana kifaa ninachokisifu kuliko vyote si glavu. Ni ile mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani, unaingiza mikono humo na kushika breki na gia ndani kwa ndani. Upepo haupiti, hewa iliyotulia inashika joto, na glavu nyepesi inatosha, hivyo vidole vinabaki vyepesi kwenye breki. Watu huikwepa kwa sababu ya sura yake. Kwa anayekwenda kazini alfajiri ya Januari, ningemwambia anunue hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukitaka glavu, chukua yenye nafasi. Inayobana huzuia damu na kuitoa nje hewa iliyopaswa kukukinga. Ile inayoviweka vidole vinne pamoja, gumba peke yake, ina joto zaidi, ila ijaribu kwanza ukiwa umeshika breki. Epuka pamba ndani, kwani hunywa jasho, na glavu yenye unyevu hupoza vidole haraka.

Kuna jambo la kifundi ambalo husahaulika: maji yakiingia kwenye ala, yaani mrija unaofunika waya wa breki, huganda, waya unakuwa mzito, nawe unakamua kwa nguvu hadi vidole vinachoka. Badilisha waya na ala kabla theluji haijaanza. Mikono ya breki ya chuma izungushie utepe wa mpira, maana chuma hunyonya joto la vidole.

Ganzi ikizidi na ngozi ikapauka au kuwa ngumu, shuka uingie ndani. Usisugue, wala usiweke mikono juu ya jiko, kwa kuwa hutahisi inapoungua. Itie kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, aliyapime mtu ambaye mikono yake ina hisia. Hisia zisiporudi, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo.