Trekta la nyasi kwenda porini: nilichobadilisha na nilichokataa kugusa

Kila mwezi wa Nne, theluji ikishayeyuka hapa Ohio na uwanja wa nyuma wa gereji ukageuka tope, huja kijana na trekta la nyasi juu ya trela. Hadithi ni ile ile: babu alikuwa analikatia majani, sasa kanunua jipya, hili la zamani kampa mjukuu bure, na mjukuu anataka kulipeleka porini. Ombi la kwanza nalo halibadiliki: "Fundi, nataka liende mbio."

Namwambia nitalipunguza mwendo. Huniangalia kama mtu aliyeagiza pilau akaletewa uji wa ulezi.

Kwa msomaji wa Dar au Mombasa ambaye hajakutana nalo: ni mashine ya kukatia nyasi unayoikalia, kama trekta la shamba lililosinyaa. Injini iko mbele chini ya boneti, visu viko tumboni ndani ya sinia kubwa la bati la upana wa inchi 38 au 42, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kioja kiko kwenye injini: shafti yake haitokei ubavuni, inatazama chini ardhini, na kwenye ncha yake kuna puli mbili. Moja inazungusha visu, nyingine inapeleka nguvu nyuma kwa mkanda hadi kwenye giaboksi iliyoungana na ekseli. Ukikanyaga pedali, mkanda unalegea, ukiachia, unakaza. Hiyo ndiyo klachi. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kukoboa mahindi ameshaelewa nusu ya kazi.

Langu lina injini ya Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu za farasi 12.5, na gia 5 za mkono. Hizo gia za mkono ndizo zilizonifanya nilichukue. Yapo yenye giaboksi ya haidroliki, unakanyaga tu linakwenda, lakini zile giaboksi ndogo zina oili kidogo na zinapozwa na kifeni cha plastiki. Zipeleke mlimani nusu saa zitachemka na trekta litakataa kupanda. Ukipewa la namna hiyo, endelea kulikatia nyasi.

Sasa injini. Sikuigusa, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo vijana wanapobishana nami. Mkenya aliyepanda matatu tangu enzi za sheria za Michuki, yule waziri aliyelazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo, anajua gavana ni nini. Injini hizi nazo zina gavana: kimkono na springi vinavyobana kabureta ili mizunguko isizidi kama 3,300 hadi 3,600 kwa dakika. Ukifungua ile springi, injini itapiga kelele tamu sana kwa wiki moja. Ndani mle konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni ya alumini na haina hata beringi; alumini yenyewe ndiyo inayosuguana na krenki. Ukitoka mizunguko 3,300 ukafika 5,000, mwendo umeongezeka kwa nusu, lakini mvuto wa pistoni kwenye konrodi kila inapogeuka juu unafika mara 2.3 ya ule wa mwanzo, kwa sababu mvuto huo hukua kwa mraba wa mizunguko. Konrodi ikikatika inatoboa bloku. Mbaya zaidi ni flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na krenki, ambayo kwenye injini hii imelala kifudifudi juu kabisa. Ikipasuka, vipande vinaruka kwa usawa wa magoti yako.

Hata Waingereza, ambao chama chao cha mbio za mashine za nyasi kipo tangu 1973, wanatoa visu lakini hawaruhusu injini kuongezewa nguvu. Na Honda walipotengeneza lile trekta lao la rekodi, lililokimbia kilomita 187.61 kwa saa mwaka 2014, waling'oa injini ya nyasi wakaweka ya pikipiki ya cc 1,000. Kama wao hawakuihangaisha ile ya nyasi, mimi ni nani?

Kitu kimoja tu cha kukumbuka kuhusu injini porini: oili. Nyingi kati ya hizi hazina pampu, kuna kigurudumu chini kinachorusha oili huku na huku. Trekta likikaa kwenye mteremko mkali, oili inakimbilia upande mmoja na kigurudumu kinachota hewa. Vitabu vya matrekta haya vinasema usizidi mteremko wa nyuzi 15. Kwa mtu anayekwenda porini hizo ni chache, najua, lakini ukizizidi zizidi kwa kupita. Usisimame katikati ya mlima injini inaunguruma ukipiga picha.

Kazi ya kweli ilianzia kwenye puli. Yangu ya injini ilikuwa ya inchi 4 na ya giaboksi inchi 7, na kwa gia ya tano lilikuwa linakwenda kama kilomita 8.5 kwa saa. Wanaotaka mbio hukuza ya mbele na kupunguza ya nyuma. Mimi nilikuza ya nyuma, kutoka 7 hadi 9. Gia ya tano ikashuka hadi kilomita 6.6 hivi, na nguvu ya kusukuma ikapanda kwa karibu asilimia 29. Ningeweza kupunguza ya injini badala yake, ni rahisi zaidi, lakini puli ndogo ina sehemu ndogo ya kushika mkanda, na mkanda ukilowa tope unateleza, unanuka, unaungua. Mkanda wenyewe lazima uongezwe: puli ya nyuma ikikua inchi 2, mkanda unadai kama inchi 3 zaidi. Usinunue ule mwembamba wa bei ya chini uliofumwa kwa mashine za kufulia. Klachi ya kulegeza na kukaza inautafuna.

Kisha matairi, ambayo yalinirudisha nyuma kidogo. Ya asili ni ya kimo cha inchi 20, laini, yametengenezwa yasiumize nyasi. Niliweka ya meno makubwa ya inchi 22 kwenye rimu zile zile za inchi 8. Tairi kubwa ni sawa na kukuza gia: ile asilimia 29 niliyoipata kwenye puli ikabaki kama 17. Ndiyo maana mtu anayefunga matairi makubwa bila kugusa puli hushangaa trekta lake limekuwa zito kupanda kuliko siku lilipokuwa likikata nyasi. Upepo naweka psi 6 tu nyuma, tairi lilale kidogo na kushika.

Kutoa magurudumu ya nyuma ndiyo kazi iliyonichukua siku nzima. Gurudumu halina nati za rimu kama gari. Limechomekwa kwenye shafti ya robo tatu inchi, kuna kii ya chuma inayolizuia lisizunguke bure, na mwishoni kuna klipu ndogo chini ya kifuniko cha mpira. Miaka ishirini ya mvua na chumvi ya barabarani, shafti na rimu vimekuwa kitu kimoja. Fundi mwenye hasira huchukua nyundo. Usichukue. Ukipiga ncha ya ile shafti, pigo linakwenda ndani, klipu ya ndani inatoka kwenye mfuo wake, na sasa una giaboksi ya kufungua. Nilichofanya: nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi nikatoa klipu, nikapanda, nikaendesha gia ya kwanza polepole kwa kukata namba nane uwanjani. Uzito wangu na kona za kulia na kushoto ndio uliofanya kazi. Kwenye raundi ya thelathini na kitu nikasikia "ti", nikatazama nyuma, gurudumu limetoka nje nusu inchi na vumbi jekundu la kutu linamwagika. Shafti niliisugua kwa msasa, nikaipaka grisi ya kuzuia kugandana kabla ya kurudisha.

Nilipokuwa narudisha, niliyabadilisha upande: la kulia likaenda kushoto bila kugeuzwa, na la kushoto kulia. Bonde la rimu sasa linatazama nje, magurudumu yametanuka, na meno ya tairi bado yanaelekea kunakotakiwa. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha mfuo wa klipu bado unaonekana. Rimu nyingine kitovu chake hakiko katikati, na ukiihamisha unaufunika.

Kutanua ni muhimu kwa sababu sinia la visu limetoka. Lile sinia ndilo lililokuwa uzito uliokaa chini kabisa kwenye trekta. Likiondoka, kila kilichobaki kiko juu: injini, betri, na wewe. Vijana wanapenda kuliinua trekta lionekane kama gari la mashindano ya jangwani. Mimi sikuliinua hata inchi moja. Betri niliitoa chini ya kiti nikaipeleka mbele, na mbele ya grili nikafunga kipande cha reli ya chuma cha kilo 20 hivi, maana bila sinia pua inanyanyuka kwenye mlima kama farasi aliyeona nyoka.

Ekseli ya mbele ni bati lililokunjwa, limeshikwa katikati na pini moja ili magurudumu yafuate ardhi. Hiyo pini ni zawadi, usiichomelee. Ila bati lenyewe likigonga kisiki hupinda na magurudumu yanatazamana kama miguu ya bata. Chini yake nilichomelea bomba la mraba la inchi moja na nusu, na pembeni vipande vya pembetatu pale zinapoingia spindo, zile shafti fupi zinazobeba magurudumu ya mbele. Kabla ya kuchomelea toa nyaya za betri, na uikamate ethi karibu kabisa na unapochoma.

Nikaja kwenye breki nikiwa nimejiamini, ndipo nilipolipia ada ya shule.

Nilikuwa nashuka kwenye msitu wa shamba la rafiki yangu, gia ya tatu, majani makavu chini. Gurudumu la nyuma la kushoto likapanda mzizi na kubaki hewani. Nikakanyaga pedali. Trekta likaongeza mwendo. Nikakanyaga hadi mwisho. Likaongeza tena, nami nikaishia kwenye kichaka cha miiba.

Nilikaa pale nikafikiri, kwa sababu breki ilikuwa mpya. Pedali ile inafanya mambo mawili kwa pamoja: inalegeza mkanda na inabana kidiski kidogo kilicho kwenye giaboksi. Mkanda ukilegea, injini haikuzuii tena. Kimebaki kidiski, nacho kinashika shafti iliyo kabla ya difu. Difu nayo kazi yake ni kuruhusu magurudumu yatofautiane: ukilizuia boksi la difu lisizunguke, gurudumu lililo chini linaweza kwenda mbele kadiri linavyotaka, mradi lililo hewani lizunguke kinyumenyume. Ndicho kilichotokea. Breki ilikuwa inashika vizuri kabisa, ila gurudumu iliyokuwa inalishika lilikuwa halijagusa ardhi.

Kwa hiyo difu niliichomelea. Niliifungua giaboksi, nikaosha grisi yote ya zamani, kwa sababu chuma chenye grisi hakishiki, nikaziunganisha gia za ndani. Nimeona nyingine zikikatika pale kwenye weldi kwa sababu fundi hakusafisha wala hakupasha chuma joto kwanza. Gharama yake ni kwamba kona sasa ni nzito, na kwenye lami moja ya matairi lazima liburuzwe. Porini tope linasamehe. Kisha nikafunga diski ya go-kati kwenye kipande cha shafti kilichobaki wazi upande wa kulia, na kalipa yake, yaani kibano cha breki, naivuta kwa mkono. Kwa kuwa difu imefungwa, diski moja inasimamisha magurudumu yote mawili. Na mteremkoni naingia gia ya kwanza nikiwa bado juu, kabla ya kushuka, mguu mbali na pedali, injini inishike yenyewe.

Kuna swichi chini ya kiti inayozima injini dereva akinyanyuka. Iliwekwa kwa ajili ya visu. Porini kila shimo linakurusha sentimita chache na injini inakata pumzi, mara nyingi katikati ya kupanda. Wengi wanaifunga kwa waya na kusahau. Niliitoa, lakini mahali pake niliweka swichi ya kamba kama ile ya injini za boti: ncha moja mkononi mwangu, nyingine kwenye usukani. Nikianguka, waya wa kuzimia unagusa bodi na cheche inakufa.

Kilichobaki ni usukani, ambao unacheza karibu robo ya mzunguko. Meno ya bati lililo chini ya usukani, linalogeuza magurudumu, yamelika. Nimeyajaza weldi na kuyachonga kwa tupa mara mbili, ya tatu nitaagiza jipya.

Kijana wa mwaka huu naye kaleta lake juzi. Nilimpa chupa ya mafuta ya kutu, nikamwonyesha klipu, nikaificha nyundo. Sasa hivi ninavyoandika yuko nje, gia ya kwanza, anakata namba nane. Anageuza shingo kila baada ya kona.