Kwa nini PlayStation 2 ya mwaka 2000 inaihangaisha simu yako mpya

Sony walipoitoa PlayStation 3 mwaka 2006, walitaka icheze pia CD za PlayStation 2. Mashine ile ya zamani waliitengeneza wenyewe, michoro yake yote walikuwa nayo, na hiyo mpya ilikuwa na nguvu za kutisha. Wakafanyaje? Wakaichukua prosesa ya PlayStation 2 pamoja na chipu yake ya picha, wakazipachika ndani ya PlayStation 3. Toleo la Ulaya lililofuata Machi 2007 halikuwa na ile prosesa. Ilibaki chipu ya picha tu, kazi nyingine ikaachiwa programu, na gemu zinazokubali zikapungua. Baadaye hata chipu ya picha ikaondolewa, na CD za PS2 zikakoma kucheza humo.

Huwa nalitaja hili kila anaponijia kijana na simu mpya kabisa, amepakua emuleta, na gemu inakwamakwama. "Fundi, simu ina RAM ya giga nane, PS2 ilikuwa na megabaiti 32. Tatizo nini?" Hesabu yake ni sahihi. Ila RAM siyo inayokwamisha.

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. CD ya gemu imejaa amri zilizoandikwa kwa lugha ya prosesa ya PS2, ambayo ni ya ukoo wa MIPS. Simu yako inaongea ARM, kompyuta ya mezani inaongea x86. Kwa hiyo emuleta inasoma fungu la amri, inalitafsiri, inaihifadhi tafsiri, na likihitajika tena hairudii kazi. Sehemu hii siku hizi inafanywa vizuri sana, na ingekuwa ndiyo kazi yote, simu ya bei ya kawaida ingetosha.

Ugumu unatokana na kwamba ndani ya PS2 hakuna prosesa moja. Kuna prosesa kuu, Emotion Engine, inayokwenda kwa megahezi 294.9. Ubavuni mwake kuna vikokotoo viwili, VU0 na VU1, vinavyopiga hesabu za maumbo. Kuna chipu ya picha, Graphics Synthesizer. Kuna ya sauti. Na kuna prosesa ndogo inayoshughulikia pedi, memori kadi na CD. Katika mashine za mwanzo hiyo ndogo ni ileile iliyokuwa moyo wa PlayStation ya kwanza, na ndiyo maana PS2 ilicheza CD za zamani bila taabu. Zote hizi zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na waandishi wa gemu walijua kwa uhakika nani anamaliza lini. Kwenye emuleta, hiyo ni sawa na mtu mmoja aliyeachiwa ngoma zote za kikundi: mikono anayo, na kasi anayo, lakini kila pigo lazima litoke kwa zamu yake.

Tazama muda ulivyo mfinyu. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Katika muda huo Emotion Engine ya kweli inapiga mizunguko karibu milioni 4.9. Emuleta lazima iigize mizunguko hiyo, iigize na ya wenzake, isimame kila mara kuhakikisha hakuna aliyemtangulia mwenzake, kisha ichore picha. Ikichelewa kidogo tu, sauti inakatika. Sauti ndiyo huumbuka kwanza; jicho husamehe fremu moja iliyopotea, sikio halisamehi.

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Wananunua laptopu yenye viini vinane wakiamini kazi itagawanywa mara nane. Haigawanyiki hivyo. PCSX2, emuleta ya PS2 inayoongoza kwenye kompyuta, inaweka prosesa kuu kwenye uzi mmoja (uzi ni mkondo wa kazi unaofanywa na kiini kimoja kwa wakati), chipu ya picha kwenye uzi wa pili, na ukiwasha mpangilio wa MTVU, kikokotoo cha VU1 kinapata uzi wa tatu. Viini vilivyobaki karibu vinakaa bure. Kinachotakiwa ni kiini kimoja chenye kasi kubwa, na nyuma yake viwili vitatu vya kusaidia. Viini vinane vya uvivu havitakufikisha.

Jambo la pili silipendi kulipita haraka, maana ndilo linaloonyesha kwa nini hata kompyuta ya bei mbaya inaweza kukosea. PS2 haikokotoi namba za desimali kama kompyuta nyingine. Kompyuta na simu zote za leo zinafuata kanuni iitwayo IEEE 754: jibu likizidi tarakimu zinazoweza kuhifadhiwa, linakadiriwa kwenda namba iliyo karibu zaidi. PS2 inakata tu. Tuseme tunahifadhi tarakimu mbili baada ya nukta, na tuzidishe 0.66 kwa 0.66. Jibu kamili ni 0.4356. Simu inaandika 0.44. PS2 inaandika 0.43. Namba halisi zina tarakimu nyingi kuliko hizo na tofauti ni ndogo mno, lakini jibu la fremu hii ndilo linaloanzia hesabu ya fremu inayofuata, mara 60 kwa sekunde. Kwenye gemu ya magari, gari linaloendeshwa na mashine linaanza kutoka kwenye mstari wake taratibu, na mwisho linaukumbatia ukuta.

Isitoshe, PS2 haina namba ya "isiyo na mwisho". Ukigawanya kwa sifuri, simu inajibu kwamba jibu halina mwisho na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. PS2 inatoa namba kubwa kuliko zote ilizonazo na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna gemu zilizoandikwa zikitegemea tabia hiyo, pengine bila waandishi wenyewe kujua. Ukiona mkono wa mchezaji umenyooka mpaka mbinguni au sura imepasuka kama kioo, mara nyingi chanzo ni hapo. PCSX2 inakuja na orodha ya gemu na marekebisho ya kila moja, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha mipangilio ya ukadiriaji kwa kufuata video ya mtu. Iache kwanza orodha ifanye kazi yake.

Chipu ya picha nayo ina vituko. Ilikuwa na memori ya megabaiti nne tu, lakini iliyojengwa humohumo ndani yake, ikipitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Waandishi wa gemu wakajiachia: wanachora moshi juu ya moshi juu ya moshi, wanaichukua picha iliyotoka kuchorwa sasa hivi na kuibandika upya, bila gharama yoyote ya maana. Kwenye simu kila mbinu ya namna hiyo inauma. Kwa hiyo gemu ikiwa laini uwanjani halafu ikashuka ghafla kwenye mvua au mlipuko, punguza ukubwa wa picha kabla hujagusa kitu kingine.

Kuna lalamiko moja napata sana kutoka kwa waliokulia kwenye mabanda ya gemu: "Naona 50 tu, 60 haifiki." Angalia kwanza gemu yako ni ya wapi. Televisheni zetu zilikuwa za PAL, mfumo wa picha 50 kwa sekunde uliotumika pia Ulaya, na CD za Ulaya nyingi zinakwenda fremu 50. Emuleta ikionyesha fremu 50 na kasi ya asilimia 100, hakuna ubovu wowote. Kinyume chake ni kibaya zaidi: asilimia 100 halafu mchezo unasuasua. Hapo mwenye simu kashusha kipimo cha mizunguko ya prosesa ya PS2 kwenye mipangilio ili simu ipumue. Emuleta yenyewe haichelewi. Iliyodhoofishwa ni PS2 ya ndani, na gemu inateseka kama ingekuwa kwenye mashine dhaifu.

Suala la BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, siwezi kulikwepa. PCSX2 haiji nayo, kwa sababu ni mali ya Sony. Unatakiwa kuinakili kutoka kwenye PS2 yako. Emuleta zenyewe hazina kosa: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwa upande wa Connectix, waliotengeneza emuleta ya PlayStation ya kwanza na kuiandikia BIOS yao wenyewe. Sony wakainunua bidhaa hiyo mwaka uliofuata na kuizima. CD zako za PS2, hata kama lenzi ya mashine imekufa, zinasomeka kwenye kisomaji cha DVD cha kompyuta ya kawaida, na ukishapata faili ya ISO, yaani nakala kamili ya CD, unaweza kuibana kuwa faili ndogo ya aina ya CHD ili isile nafasi.

Kwa upande wa simu, AetherSX2, emuleta ya PS2 ya Android, ilitoka mwaka 2021 na aliyeitengeneza akaacha kuiendeleza mapema 2023, kwa hiyo usitegemee marekebisho kutoka kwake. Na ukikuta programu yenye jina hilo inayokuomba hela au ruhusa ya kusoma meseji zako, ifute. Kiwango cha chini kilichotajwa kilikuwa cha Snapdragon 845, chipu ya simu za bei kubwa za mwaka 2018. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo namshauri simu iliyotumika, ya daraja la juu, kuliko mpya ya daraja la kati. Kabla hujatoa hela, muombe muuzaji uicheze gemu nzito kwa robo saa bila kuizima: dakika tano za mwanzo kila simu ni hodari, ikishapata moto ndipo inapunguza kasi yenyewe.