"Asiyefanya kazi asile": tunavyoisoma Biblia mbele ya chokoraa

Gari likisimama kwenye taa za Nairobi na mtoto mwenye chupa ya gundi akagonga kioo, aliyeketi ndani mara nyingi ni Mkristo. Mstari wa Biblia humjia upesi kuliko noti ya hamsini, na pamoja nao dhana potofu kadhaa.

"Asiyefanya kazi na asile." Ndivyo tunavyousema, ila haukuandikwa hivyo. 2 Wathesalonike 3:10 yasema, "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hataki. Paulo aliwakemea waumini wa kanisa moja walioacha shughuli zao wakajiingiza katika za wengine. Mtoto anayelala kibarazani hakuwa katika hesabu hiyo. Na huyo chokoraa tunayemwita mvivu ameamka kabla yetu, anachokora mapipa akitafuta plastiki na vyuma vya kuuza skrepa.

"Maskini mnao siku zote", basi kwa nini tujisumbue? Yesu hapo (Mathayo 26:11) aligusia maneno ya Torati ambayo wasikilizaji wake waliyajua mpaka mwisho. Kumbukumbu la Torati 15:11 husema maskini hawatakoma katika nchi, kisha papo hapo huamuru mkono ufumbuliwe. Sisi tumekata sentensi katikati.

Dhana ya tatu ni ya wale walio nje ya kanisa: kwamba uji na blanketi ni chambo cha kuvutia waumini. Hii siipuuzi, maana wapo wanaohubiri saa nzima kabla ya kufunua sufuria. Shutuma yenyewe ni kongwe. Kaisari Juliano wa Roma, aliyeuchukia Ukristo, aliwafananisha Wakristo na watu wanaowahadaa watoto kwa keki. Lakini katika barua yake kwa kuhani mmoja wa miungu ya Kiyunani, karne ya 4, alilalamika kuwa ni aibu Wakristo kuwalisha maskini wao pamoja na "wetu". Kwa hiyo hata adui alikiri kwamba chakula kilivuka mpaka wa dini. Tena katika Mathayo 25 wanaosifiwa kwa kumkaribisha mgeni wanashangaa: lini tulikuona? Hawakujua walikuwa wakimhudumia nani, sembuse kumwekea mtego.

Nairobi ina mfano wa msaada usio chambo. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika, alianzisha Undugu Society kwa ajili ya wavulana wa mitaani, wale walioitwa "parking boys" kwa kuwaonyesha madereva pa kuegesha. Imani ndiyo iliyomleta. Kilichofuata ni madarasa ya waliopitwa na shule na mafunzo ya ufundi.

Wengine husema moyo wa upendo unatosha, mipango ni ya serikali. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia (katika Uturuki ya leo), hakufikiri hivyo. Miaka ya 370 alijenga nje ya mji makao ya wasafiri, wagonjwa na maskini, yenye wauguzi, matabibu na mafundi. Gregori wa Nazianzo, rafiki yake, aliyaita mji mpya. Kwetu, hesabu ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, zaidi ya 15,000 kati yao Nairobi. Keki ya Krismasi haifiki huko.

Halafu kuna dhana niliyokuwa nayo mwenyewe, kwamba anayetoa ndiye ajuaye kinachohitajika. Yesu alimwuliza Bartimayo, kipofu aliyeketi njiani akiomba, "Wataka nikufanyie nini?" Kipofu! Jibu lilikuwa dhahiri, bado aliulizwa. Desemba moja kanisani kwetu tuligawa mablanketi bila kumwuliza mtu. Kijana mmoja alilishika lake, akalipima uzito, akalirudisha mezani.

"Asante, mama. Lakini asubuhi nitaliacha wapi?"