Kwa Nini Matakia ya Viti vya Kusukwa Huteleza, na Namna ya Kuyatuliza

Mimi ni fundi wa makochi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kushona matakia ya viti vya nje kwa nyumba na hoteli za ufukweni. Malalamiko ninayoyasikia zaidi hayahusu rangi iliyopauka wala zipu iliyokwama kwa chumvi, bali takia lisilokaa mahali pake: mtu anakaa vizuri, anaegemea, na baada ya muda takia limetokeza mbele ya kiti, huku mto wa mgongoni ukiwa umetumbukia katika nafasi iliyoachwa nyuma. Wengi hukimbilia dukani kununua ule wavu wa mpira unaowekwa chini ya zulia. Wavu huo una kazi yake, lakini kabla ya kuununua inafaa kujua ni nini hasa kinacholisogeza takia, kwa sababu takia linalosukumwa na mkaaji na takia linaloinuliwa na upepo hayazuiwi kwa njia moja.

Tuanze na kiti chenyewe. Henzirani ya kweli ni shina la mmea wa jamii ya mitende unaotambaa katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, nalo haliwezi kuachwa kwenye mvua na jua mwaka mzima likabaki zima. Kwa hiyo viti vingi vinavyokaa nje leo, hata vikiuzwa kwa jina hilo, vimesukwa kwa nyuzi za plastiki juu ya fremu ya alumini. Plastiki hiyo hainyonyi maji, jambo ambalo ni jema, lakini uso wake ni laini, na takia likiwa na kitambaa laini cha poliesta upande wa chini, nyuso mbili za kuteleza zinakutana. Juu ya hapo kuna mchanga, ambao punje zake hubiringika chini ya takia, na kuna mafuta ya kujipaka ambayo wageni huyaacha kila wanapokaa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni brashi, maji ya sabuni na kusubiri kiti kikauke, na katika baadhi ya nyumba kazi huishia hapo.

Isipoishia hapo, tazama namna mtu anavyokaa. Anapoegemea, mgongo wake hulisukuma egemeo, nalo egemeo humrudishia msukumo, hivyo nyonga zake hutaka kwenda mbele. Nguo yake hushikana na takia kuliko takia linavyoshikana na plastiki, na kwa hiyo mtu na takia lake husafiri pamoja. Kiti kilichotengenezwa vizuri hupunguza msukumo huo kwa kuwa sehemu yake ya kukalia imeinama kidogo kuelekea nyuma. Tatizo ni kwamba sakafu za veranda hujengwa na mteremko mdogo wa kuelekea nje ili maji ya mvua yatoke, na kila mtu hupenda kiti kitazame bahari, yaani kielekee upande ule ule wa mteremko, na hapo mwinamo wa kiti hupungua au hupotea kabisa. Ukitaka kuhakikisha, toa takia, weka sinia juu ya kiti, kisha weka ndimu katikati ya sinia. Ndimu ikibiringika kuelekea mbele, hakuna mkanda utakaolituliza takia hilo bila kuvutwa siku nzima. Ivishe miguu ya mbele ya kiti viatu vinene vya mpira, au kigeuze kikae ubavu kwa mteremko.

Jambo linalofuata ni kipimo, na hapa ndipo ninapoona fedha nyingi zikipotea. Takia lililonunuliwa tayari kwa kukisia huacha nafasi pembeni, na penye nafasi takia litasogea tu. Viti vingi vya kusukwa ni vyembamba nyuma kuliko mbele, kwa hiyo usipime upande mmoja. Laza karatasi ya kaki juu ya kiti, ikunje kufuata mikono na egemeo, ikate, kisha mpelekee fundi karatasi hiyo badala ya kumtajia namba. Mimi hukata sponji iwe kubwa kuliko foronya kwa takriban sentimita 1 kila upande ili foronya ijae na pembe zisilegee. Sponji nayo iwe ngumu kiasi. Ile laini hudidimia pale mtu anapokaa ukingoni, na takia lote hugeuka kuwa mteremko wa kumpeleka mbele.

Baada ya hayo ndipo tunapofunga. Kwa kuwa msukumo wa mkaaji unaelekea mbele, mikanda inayofanya kazi ni ile ya pembe mbili za nyuma. Nimeona matakia mengi yenye kamba nzuri za mapambo upande wa mbele ambazo hazizuii chochote. Mkanda ushonwe kwenye mshono wa chini wa takia, kwa mstari wa mraba wenye msalaba ndani yake, nao upite kati ya nyuzi na kuzunguka bomba la fremu. Usiuzungushe kwenye nyuzi zenyewe, kwa sababu zitavutwa, zitalegea na mwishowe zitakatika, na kuzisuka upya ni gharama kuliko takia. Uzi wa kushonea uwe wa poliesta. Wa pamba huoza kwa unyevu, na wa nailoni ya kawaida hudhoofika haraka juani. Nyumbani kamba ya kufunga kwa fundo inatosha. Hotelini haitoshi, kwa sababu mhudumu anayeingiza matakia ndani kila jioni na kuyarudisha asubuhi hatafunga mafundo hayo kwa muda mrefu, na simlaumu. Huko ninaweka vishikizo vya plastiki vya kubana, vya aina ile ya mikanda ya mabegi. Mkanda wa kunata, yaani velcro, siupendi karibu na bahari, kwani mchanga na nyuzinyuzi huujaza na ukaacha kushika.

Sasa wavu wa mpira. Usitandike kiti kizima, maana utaziba matundu ambayo maji na hewa hupitia, na ukungu utaanza chini ya takia. Vipande viwili vyembamba, kimoja nyuma na kimoja mbele, vinatosha. Vinyanyue mara kwa mara, hasa wakati wa joto kali, kwa sababu baadhi ya nyavu hizo hugandamana na plastiki ya kiti na kuacha alama isiyotoka.

Upepo ni habari nyingine. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu kama Paje na Jambiani, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kuingia moja kwa moja katika veranda zinazotazama bahari. Kiti cha kusukwa kina matundu, kwa hiyo upepo hupita chini yake na kulisukuma takia kutoka chini kwenda juu, na takia lililofungwa nyuma peke yake litafunguka kama mlango na kupigapiga hadi mishono ichanike. Miezi ya kusi unahitaji mikanda miwili ya mbele pia, au mkanda mmoja mpana unaopita chini ya kiti kutoka ubavu hadi ubavu. Wapo wanaotia mawe ndani ya foronya ili takia liwe zito. Nawasihi waache, hasa palipo na meza ya kioo. Usiku matakia yaingie ndani.

Imebaki sofa ya watu watatu, ambayo matakia yake huachana na kwenda pembeni. Takia la katikati halina mkono wa kiti wa kulizuia, kwa hiyo ninaliunganisha na jirani zake kwa vifungo vya kubonyeza, viwili kila upande, vilivyoshonwa kwenye vipande vifupi vya kitambaa karibu na ukingo wa chini ili visionekane wala kumchoma mtu. Takia la katikati likishikwa hivyo halihitaji mkanda wa nyuma, mradi yale mawili ya pembeni yamefungwa kwenye fremu.