Si kila mvinyo hunoga kwa kukaa

Wengi wanaoingia kwenye biashara ya mvinyo hujipa moyo kwamba chupa isiyouzwa leo itapanda thamani kesho, maana mvinyo ukikaa ndipo unaponoga. Sivyo. Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache tu. Inayostahimili miaka 20 ni michache, yenye asidi, tanini (ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu) au sukari ya kutosha kuilinda, na hata hiyo hutaka giza na ubaridi wa nyuzi 13 hivi za Selsiasi, usiopanda na kushuka. Chupa yenye kizibo cha gome la mti hulazwa, kwani kizibo kikikauka hewa hupenya na ladha huharibika.

Hapo ndipo wengi huumia, nami huwaonea huruma. Mzigo uliolala ghalani ni pesa iliyofungwa: kodi, umeme wa kupoza, bima, pengine na riba ya mkopo. Mwenye shamba ana subira zaidi, kwa kuwa mzabibu mpya huchukua takriban miaka 3 kabla ya mavuno ya maana. Mvinyo mweupe mwepesi, hasa, uuze mapema.