Ukiona mistari miwili, dawa ya tezi USIACHE

Jamani wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu ndani ya mwezi, ndo maana nimekaa kuandika. "Dokta, nilivyoona mistari miwili nikaacha zile dawa za tezi ya shingoni, si nimeambiwa dawa si nzuri kwa mtoto." Mtu ametafuta hiyo mimba miaka sita, kauza kiwanja kulipia IVF (mimba ya kupandikiza), halafu kitu kilichokuwa kinamsaidia anakiacha siku ileile anayokihitaji zaidi. Inaniuma kwa kweli.

Huyu wa juzi alikuja na faili lake la plastiki, majibu yote kayapanga kwa tarehe, nikayasoma moja moja: TSH (homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ifanye kazi, ikipanda ujue tezi inazidiwa) 5.8 wakati anaanza, T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, iko sawa, yaani tezi ya mpakani kabisa, tukampa levothairoksini TSH ikashuka mpaka 2.1, tukapandikiza kiinitete. Wiki tano baada ya kuacha dawa ikawa 7.4. Kwenye pochi boksi bado analo, vidonge hajavigusa. Tukarudisha dawa hapohapo.

Sasa nielewe vizuri. Levothairoksini siyo kemikali ngeni, ni homoni ileile inayotengenezwa na tezi yako mwenyewe. Mtoto tumboni mwanzoni hana ya kwake, tezi yake inaanza kutengeneza homoni kwenye wiki ya 10 mpaka 12 na hata hapo ni kidogo, mpaka karibu nusu ya mimba bado anakutegemea wewe, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Halafu kwa sisi wa IVF kuna la ziada: zile sindano za kukuza mayai zinapandisha estrojeni, estrojeni ikipanda ini linatoa kwa wingi ile protini inayobeba homoni ya tezi kwenye damu, homoni nyingi inashikwa huko na iliyo huru inapungua. Tezi yenye afya inaongeza kazi na wala husikii kitu, ila tezi iliyokuwa inajikongoja inashindwa. Kwa hiyo mimba ikishika dozi mara nyingi INAPANDA, kwa waliokuwa wanatumia tayari huwa tunaongeza kama vidonge viwili zaidi kwa wiki, halafu tunapima kila baada ya wiki 4 mpaka katikati ya mimba. Usijiongezee mwenyewe lakini, piga simu kliniki siku hiyohiyo ya majibu.

Lingine: "nimemeza wiki mbili TSH haijashuka, dawa feki." Siyo feki mama, dawa hii inakaa mwilini, nusu yake tu inachukua kama wiki nzima kutoka, kwa hiyo kama bado huna mimba, kupima kabla ya wiki 6 ni kupoteza hela ya maabara. Na kabla hujailaumu dawa niambie unaimezaje. Ukimeza na chai ya maziwa na chapati umeipunguza nguvu, ukimeza pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu au kalisiamu ndo kabisa. Mimi wagonjwa wangu wote nawaambia, weka dawa na chupa ya maji pembeni ya kitanda, ukifumbua macho meza, chai baada ya nusu saa au saa nzima, vya damu vipeleke usiku. Wengi TSH inashuka kwa hilo tu bila hata kubadilisha dozi.

Vidonge vya nywele na kucha mnavyonunua saluni vina biotini (aina ya vitamini) nyingi, na kwenye baadhi ya mashine TSH inasoma chini kuliko ilivyo, tunadhani uko sawa kumbe hauko. Acha angalau siku mbili kabla ya kutoa damu na utuambie.

Kabichi na muhogo kula, vipikwe viive. Chumvi yenye madini joto inatosha, hizo poda za mwani za "kusafisha tezi" ziache, madini joto yakizidi nayo yanaisumbua tezi.

Eti sina rovu kwa hiyo tezi yangu nzima? Shingo inaweza kuwa laini kabisa na TSH iko 6. Pima.

Na kuna wanaokuja upande wa pili, TSH 2.8, kingamwili za tezi (kinga ya mwili inayoishambulia tezi yako mwenyewe) zimeonekana, anataka dawa kwa nguvu eti ndo itazuia mimba isitoke. Uingereza walilifuatilia hili kwa wanawake zaidi ya 900 wenye kingamwili hizo na tezi inayofanya kazi vizuri, waliowahi kupoteza mimba au kuchelewa kushika, majibu yakatoka 2019: waliopewa levothairoksini walijifungua watoto hai asilimia 37, waliopewa kidonge kisicho na dawa karibu 38. Kwa hiyo dada yangu wa 2.8, dawa sikuandikii, ila damu yako nitaipima tena kabla ya kupandikiza na tena siku ya kipimo cha mimba, maana tezi yenye kingamwili ndo inayochoka mimba ikiingia.